Mubambiro: DVD ya harusi na matabaka yake mawili

Mama mmoja mkimbizi wa ndani alifika Mubambiro, karibu na Sake katika Masisi, akiwa na sufuria, blanketi na DVD ya harusi yake. Mume wake ni marehemu. Sauti yake imebaki humo tu.

Alimwomba kijana anayechaji simu na kunakili filamu amtolee nakala. Kompyuta ilikataa. Kijana alitazama: harusi ilikuwa gigabaiti 7.1, lakini diski tupu aliyoleta mama ni ya tabaka moja, inabeba 4.7 tu. Ile ya matabaka mawili hufika 8.5.

Alimwonyesha namna ya kuzitambua. Kwanza, tafuta maandishi DL au 8.5 GB juu ya diski. Yakiwa yamefutika, uliza kompyuta: yaliyomo yakizidi 4.7, ni matabaka mawili. Yakiwa chini ya hapo, bado huna hakika, maana huenda diski haikujazwa. Rangi ya upande wa chini usiitegemee.

Harusi iligawanywa kwenye diski mbili. Kabla ya kulipa, mama aliomba kuona mwisho. Mume wake alikuwa anashukuru wageni.