Mdai na Mdaiwa

Mama yangu anauza nyanya katika soko la Kamembe, hapa Rusizi. Mteja wake mmoja huvuka daraja kutoka Bukavu, akachukua nyanya kwa mkopo. Naye humletea mama vitenge, navyo pia kwa mkopo. Deni linakwenda pande zote mbili, na daftari la mama lilikuwa limejaa mistari iliyokatwa. Likizo iliyopita nilijitolea kumwandikia programu ndogo kwa Python, lugha aliyonifundisha kaka yangu anayesoma kompyuta.

Moyo wa programu hiyo ulikuwa funksheni moja, yaani kipande cha maagizo kinachopewa vitu na kufanya navyo kazi moja. Niliiita andika_deni. Ilipokea vitu vitatu kwa mpangilio: mdai, mdaiwa na kiasi. Siku moja mama alipokea vitenge vya faranga 40,000, nami nikaandika: andika_deni("Mama", "Mteja", 40000). Kompyuta haikulalamika.

Wiki iliyofuata mama alimdai yule mteja mbele ya watu. Mwanamke alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, ni wewe uko na deni yangu." Ilikuwa kweli. Mama aliomba radhi palepale. Mimi nilikaa siku mbili bila kumtazama usoni.

Kaka alinikutanisha na wenzake wawili, tukabishana hadi usiku. Mmoja, mpenzi wa Java, alisema kosa ni langu: Java haina njia ya kutaja majina hayo unapoita funksheni, na bado watu huandika kwayo programu kubwa. Kinachotakiwa ni kukariri mpangilio. Mwingine alijibu kwamba Python inaruhusu kutaja kila kitu kwa jina, ukianza na chochote: andika_deni(mdaiwa="Mama", mdai="Mteja", kiasi=40000). Tena, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2008, ukiweka kinyota mwanzoni mwa orodha, asiyetaja majina hukataliwa. Hata PHP ilikubali majina mwaka 2020, katika toleo la 8.0. Yule wa Java hakukata tamaa. Alisema jina likishatumiwa na wengine huwa ahadi: ukilibadilisha kesho, programu zao zinaharibika. Hapo alikuwa na hoja.

Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, niliwaza sarufi. "Nyanya mama ameziuza" haimchanganyi mtu, ingawa nyanya zimetangulia, kwa sababu a- inamtaja mama na -zi- inazitaja nyanya. Lakini "Mama anamdai mteja" na "Mteja anamdai mama" zinategemea mpangilio, kwa kuwa wote wawili ni wa ngeli ya A-WA na viambishi vyao ni vilevile. Hapo ndipo kosa langu lilipojificha. Ningeweka kiasi mahali pa jina, ningeliona mara moja. Majina mawili ya watu yanafanana. Vitu vinapofanana, mpangilio hautoshi, na lugha yetu ilikuwa na dawa tayari: silabi moja tu, -wa, humtenganisha mdai na mdaiwa.

Nimeweka kinyota. Na kabla ya kuhifadhi deni lolote, humsomea mama mstari mzima kwa sauti.