Nipe Mji

Isevya, Tabora

Mjukuu wangu,

Huku maembe yamejaa hadi mbuzi wameyachoka, na bibi yako bado anakuita mume wake mbele yangu bila haya.

Tangu uondoke kurudi Dar es Salaam baada ya Idi ninayawaza yale uliyoniambia barazani. Ulikuwa na daftari lako, umeandika majaribio arobaini ya hiyo programu yenu ya kutumiana fedha kwa simu, ukalifunga kwa hasira ukasema, "Babu, kichwa kimekauka." Nikakuomba unisomee. Namba ya siri sahihi, namba ya siri yenye kosa. Salio linatosha, salio halitoshi. Ukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Mume mwenzangu, yale hayakuwa majaribio arobaini. Yalikuwa manne, yamebadilishiwa kanzu.

Akili hujapungukiwa. Umesimama mahali pamoja siku nyingi mno, basi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia habari za Edward de Bono, yule daktari wa Malta ambaye tangu mwaka 1967 alifundisha watu kuliendea jambo kwa ubavuni badala ya kulikabili usoni. Ukaniambia mchezo wake mmoja: chukua neno lolote bila kulichagua, kisha lilazimishe lihusiane na kazi iliyo mbele yako. Siku ile nilicheka. Ulipoondoka nikaitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu kabatini, nikafumba macho, nikaweka kidole. Likatoka neno "asali".

Sasa asali mimi naijua, nimekuwa karani wa ghala nusu ya maisha yangu. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ikijaa asali inafika kilo 28. Ugomvi wote niliousuluhisha pale mlangoni ulitoka hapo: mrina anahesabu kwa kilo, mchuuzi analipa kwa ndoo, na kila mmoja anaapa kuwa mwenzake mwizi. Nikajiuliza, ndani ya simu yenu ni kitu gani kinachopimwa kwa vipimo viwili bila watu kujua? Jibu halikukawia: saa. Niliwahi kumwona mzee mmoja kafika stendi adhuhuri na mabegi yake na kuku wawili, tiketi mkononi imeandikwa 06:00. Kwake ile ilikuwa saa sita. Basi lilikuwa limeondoka alfajiri. Programu yenu inapomwandikia mama wa Sikonge "lipa kabla ya 08:00", nani kati yenu amejaribu kuisoma kama anavyoisoma yeye? Katika yale arobaini sikuisikia saa hata mara moja.

Angalia lakini: neno usilichague. Ukichagua mwenyewe utachagua "fedha", na utajikuta umerudi kwenye daftari lile lile.

Ila mchezo ninaotaka uwapelekee wenzako haukutoka Malta. Umeucheza hapa hapa kwangu, ukiwa hujaota meno ya mbele. Kitendawili! Tega! Katika kitendawili ni mwiko kukitaja kitu kwa jina lake. Unalazimika kueleza tabia yake, na tabia ndiyo inayoficha hitilafu. Sikiliza hiki nilichokitunga jana: nikimgusa anaondoka na mzigo, nikimgusa tena kabla hajarudi anaondoka na mzigo mwingine. Ni hicho kitufe chenu cha "Tuma". Mtandao umelegea, bibi yako anadhani hakikubonyezeka vizuri, anabonyeza tena. Je, fedha zimekatwa mara moja au mara mbili? Ukikiita "kitufe" unaona kitufe. Ukikitega, unamwona mpagazi asiyejua kuuliza kwa nini anatumwa tena.

Kingine: wawili wametoka tumbo moja siku moja, mlinzi anasema ni mmoja. Hiki sikukitunga, kilitupata. Baba zako wadogo, Kulwa na Doto, walikwenda kujiandikisha katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kulwa akaingia, akamaliza. Doto akaambiwa, "Wewe tayari umo." Ubini ule ule, mama yule yule, tarehe ya kuzaliwa na kijiji vile vile, mashine ikaona mtu mmoja anayejirudia. Alikwenda mara tatu, na mara ya tatu alimbeba Kulwa kama kielelezo. Huku Unyamwezini, na Usukumani pia, pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na watu hao wamejaa kila kijiji. Aliyeijenga ile mashine hakuwahi kutegewa kitendawili nao. Na ukiwa hapo hapo, andika jina la kata ya Ng'ambo kwenye programu yenu, pamoja na kile kialama chake cha juu. Zipo programu zinazokidhani ni alama ya kufunga maneno, kisha zinayasoma yanayofuata kana kwamba ni amri.

Sasa utamu wenyewe. Wakishindwa kujibu, mtegaji anasema, "Nipe mji." Huko ofisini msipeane miji ovyo. Peaneni miji ya njia ya misafara ya zamani, na kila mji uje na shida yake.

Anayepewa Bagamoyo ni mgeni: simu mpya, hana salio, hana historia, hajui hata pa kuanzia. Anayepewa Ugogo anakumbana na kiu na hongo. Misafara ililipa hongo kwa kila mtemi ili ipite na ichote maji, basi huyu betri yake iko ukingoni na kila hatua inamkata kidogo. Mwache ahesabu ada zote, aone kama mwisho wake zinafanana na alichoahidiwa mwanzo. Anayepewa Tabora yumo katika msongamano, maana hapa njia ya kutoka pwani iligawanyika, moja ikaenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Huyo ajaribu siku ya mishahara, watu wote wamejazana kwa wakati mmoja. Na mwaka 1871 mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ilifungwa, msafiri Stanley akalazimika kuzungukia kusini. Kata mtandao katikati ya muamala uone programu yenu inazungukia wapi.

Ujiji ndio mji ninaoupenda kuliko yote. Mwaka huo huo msafiri mwenzake, Livingstone, alirudi Ujiji akiwa hoi, akitumaini kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani. Zilikuwa zimefika. Ila msimamizi wake alikuwa amezitapanya zote, kwa kuwa alikwishaamini kuwa mwenye mali amekufa. Mzigo ulifika salama, njia haikuwa na kosa, na mwenye mali akakosa. Sasa niambie: namba ya simu iliyolala muda mrefu, kampuni ikampa mtu mwingine, fedha zikitumwa pale zinamfikia nani? Programu yenu itasema "imefanikiwa", nayo itakuwa inasema kweli.

Usijaribu mambo haya kwenye simu nzuri za ofisini peke yake, tafadhali. Stanley aliagiza mashua yake Lady Alice ijengwe Uingereza kwa vipande ili ibebwe mabegani. Ilipofika Unguja mwaka 1874 vipande vikaonekana vizito mno na vipana mno kwa njia za wapagazi, ikabidi fundi avikate upya. Ilikuwa mashua nzuri sana. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, na kule ilikojengwa hakuna aliyeupima kwa bega la mtu.

Kuhusu namna ya kucheza sina mengi. Msicheze zaidi ya dakika ishirini, mtachoka na kuanza porojo. Mmoja awe karani, aandike kila kitu, hata upuuzi. Asiwepo wa kusema "hilo haliwezekani" mpaka mchezo uishe. Huyo ndiye anayeua mchezo, na mara nyingi ni mkubwa wa ofisi, kwa hiyo mpeni yeye mji wa kwanza. Mkimaliza, chambueni: mengi mtatupa, matano au sita mtayapeleka kazini. Daftari lako la arobaini usilichome. Yale ya salio na namba ya siri lazima yafanyike, ila hayahitaji kichwa chako, mashine iyafanye usiku umelala.

Niandikie ni miji mingapi mlipewa na nani alipewa Ujiji. Kulwa yuko porini kwenye mizinga. Doto anakusalimu, na anasema mwambie huyo aliyeijenga ile mashine kwamba bado yupo.

Wako,
Babu

Ukija, niletee kamusi nyingine. Hii yangu mchwa wameila kuanzia herufi M, na mchezo unazidi kuwa mgumu.