Saa Sita Angani, Bado Afrika

Ndege ya Kenya Airways ya kwenda New York huondoka Nairobi usiku, na usiku unaifaa. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likiwaka huzidi kuwa nyepesi, ilhali Boeing 787 iliyojazwa mafuta ya saa 15 huhitaji hewa nzito ya kuinyanyua. Usiku mmoja wa Januari nilipoipanda, ilikimbia barabarani, ikakimbia, abiria wamenyamaza, hadi magurudumu yakaachana na lami.

Mbele yetu kulikuwa na takriban kilomita 11,800.

Aliyezoea ramani ya ukutani darasani angetarajia ipite Kongo kisha iingie Atlantiki. Lakini dunia ni mviringo, na njia fupi kuliko zote hupinda kaskazini-magharibi: Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Morocco. Mama mmoja aliyekuwa akienda kumwona mjukuu wake alizinduka usingizini, akajifunga leso vizuri, akaitazama skrini iliyo mbele ya kiti.

"Mwanangu, tumeshavuka bahari?"

"Bado, mama. Hapo chini ni Algeria."

Akaweka kidole Nairobi, akaufuata mstari polepole hadi kwenye kijindege. "Saa sita zote hizi, na bado tuko Afrika?"

Ndivyo ilivyo. Ukiigawa njia hiyo fupi sawasawa, katikati yake huangukia Morocco, si mbali na Marrakesh. Nusu nzima ya safari ya kwenda Marekani ni bara letu wenyewe, na ramani zile za darasani, zinazotanua nchi za kaskazini na kuibana Afrika, zimetunyima kuujua ukubwa huo.

Kabla ya tarehe 28 Oktoba 2018, ndege hii ilipoanza kuruka moja kwa moja, msafiri wa Nairobi alilazimika kubadili ndege London, Amsterdam, Dubai au kwingineko, akisubiri uwanjani kwa saa kadhaa. Kwa mzee kama yule mama, asiyesoma vibao vya kigeni, kupunguziwa kituo kimoja ni jambo kubwa kuliko kupunguziwa saa.

Tulitua alfajiri, giza bado. Saa za New York zilikuwa zimekaribia kumi na mbili na nusu asubuhi. Nairobi ilikuwa saa nane na nusu mchana, siku ileile. Tulikuwa tumefuatana na usiku kuelekea magharibi, tukipingana na upepo wa juu angani unaovuma kwenda mashariki. Wakati wa kurudi upepo huohuo huisukuma ndege kwa nyuma, na safari hupungua kwa karibu saa nzima.