Moyo Uliokubali: Somo la Utii Kutoka Ukerewe



Leo tunawaandikia kutoka Mwanza, ambako baadhi yetu tumefuata waume. Ukizaliwa visiwani ukaletwa huku, kwanza unashangaa kwamba huku nako kuna visiwa, mitumbwi na dagaa, ila maji hayana chumvi. Kisha unagundua kwamba majirani zako wengi ni Wakristo. Tunaishi nao ukuta kwa ukuta. Sisi tunawapelekea futari, wao wanatuletea sato. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilipishana siku chache tu kuanza, basi mwezi ule nyumba zote zilikuwa na njaa moja na nia moja.

Majirani hawa wana neno wanalolirudia sana: moyo wa kumtii Mungu. Hata sisi tunalo. Lakini tumeona kwamba watu wengi, wao kwa sisi, huuona utii pale amri inapofanana na tunachokitaka. Kuolewa ni ibada, na biharusi anaitii kwa furaha huku amepakwa hina. Utii wenyewe hujulikana baadaye, siku ambayo mlango wa kutokea uko wazi na watu wote wanakwambia toka.

Mfano tunaoupenda uko kivuko kimoja tu kutoka hapa. Ukipanda meli Mwanza unashuka Nansio, kisiwani Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Huko aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watemi wa Wakerewe. Alisomeshwa na mapadri wa misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya huko Kagera, akawa Mkatoliki wa kweli kweli. Mwaka 1919 alimuoa Anna Katura.

Walijaaliwa watoto, na wote wakafariki. Hapa kila mwanamke anayesoma anajua kinachofuata. Maneno ya mawifi. Jicho la tumboni kila ukipita. Ushauri wa wazee kwamba mwanamume hawezi kufa bila mtoto, atafute mwingine. Kwa mila za Ukerewe za wakati ule, Kitereza asingelaumiwa na mtu. Lakini alikuwa ameahidi mbele ya Mungu wake kuwa na mke mmoja katika raha na dhiki, naye akabaki na Anna mpaka uzeeni.

Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kirefu juu ya mume na mke wasiopata mtoto, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ndugu wa mume wanamtukana mke, wazazi wake wanamchukua kumrudisha kwao, na mume badala ya kuoa mwingine anakwenda kumwomba na kulipa kila wanachomtoza wakwe. Kitabu kilikaa miaka zaidi ya thelathini bila kuchapwa. Kitereza mwenyewe alikitafsiri kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981.

Sisi tuliposoma kitabu hiki kwa kupokezana, tulibishana sana. Mwenzetu mmoja alisema, "Sheria yao si sheria yetu." Ni kweli. Katika dini yetu mume ameruhusiwa zaidi ya mke mmoja kwa sharti la uadilifu, na hatuandiki hapa kumhukumu mtu aliyeitumia ruhusa hiyo kwa haki. Wala hatumwambii dada anayeteswa kwamba kuvumilia kipigo ndiyo utii. Kinachotugusa ni moyo. Kitereza hakujua kama angelipwa kwa utii wake. Mtoto hakuja. Hata hivyo hakuigeuza ahadi yake kuwa biashara, kwamba nitatii ukinipa.

Hapo ndipo wengi wetu tunateleza. Tunaswali na kufunga huku tumeshika orodha mkononi: mume, nyumba, mtoto wa kiume. Kikikosekana kimoja, swala inaanza kuwa nzito. Nabii Zakariya, ambaye sisi na Wakristo wote tunamsimulia, alizeeka na mkewe tasa akiwa bado kwenye mihrabu. Alipewa Yahya, lakini ibada yake ilitangulia mtoto kwa miaka mingi.

Basi moyo wa namna hii unapatikanaje? Kwa tulivyoona kwa majirani na kwa mama zetu, hauji siku ya msiba. Hulelewa kwa mambo madogo. Ni yule mama wa jirani anayejinyima nyama Ijumaa za Kwaresima hata pale asipoonwa na mtu. Ni wewe kuamka alfajiri wakati mume amesafiri na hakuna wa kukuuliza. Ni kumpigia simu wifi aliyekuudhi kabla hajakupigia. Ni kumeza neno ambalo lingekupa ushindi. Wanawake wanaoanika dagaa hapa ufukweni hawangoji wingu ndipo wajifunze kuzikusanya. Mikono yao imezoea tangu siku za jua, kwa hiyo mvua ikianza hawababaiki.

Biharusi wetu, somo yako atakufundisha singo, udi na namna ya kumpokea mume. Yashike, ni mema. Sisi tunakuongezea moja: kabla ya siku ya akdi, kaa na huyo mchumba mulizungumze lile ambalo watu huona ni nuksi kulitaja. Mwenyezi Mungu asipotupa mtoto, tutafanya nini? Ndugu wakisema, nani atawajibu? Jibu lake litakuonyesha moyo wake, na jibu lako litakuonyesha wako. Mkiona mioyo bado ni migumu, msikate tamaa, anzeni na madogo.

Yaa Rabbi, zilainishe nyoyo zetu zikutii tukipewa na tukinyimwa. Wape subira dada zetu wanaongoja mtoto, uwajaalie waume na wakwe wenye huruma. Amin.