Mizani ya Kweli kwa Asomaye Nyumbani

Wengi wenu mnaye mtoto, au ndugu, au jirani, asomaye nyumbani kwa kuwa njia ya shule ilimkatikia katikati. Kwa ajili ya hao tumeona vema kuandika habari ya kosa letu wenyewe, ili mwalimu au mzazi mwingine asilirudie.

Katika kijiji kimoja cha Bariadi, mkoani Simiyu, yuko mzee mmoja mkulima wa pamba. Binti yake aliacha masomo akiwa kidato cha kwanza ili amwuguze mama yake. Hata mama alipopona, umri wa binti ulikuwa umekwenda, naye aliona haya kuketi pamoja na watoto wadogo. Basi mzee akatuomba tumfundishe nyumbani kila Jumamosi, nasi tukakubali. Tulikwenda kwa baisikeli, tukasoma naye chini ya mwarobaini. Mwaka 2020 akafanya Mtihani wa Maarifa, ule uwapao wasiopita darasani ruhusa ya kuingia mtihani wa kidato cha nne, akafaulu. Tukafurahi sana, maana cheti cha kidato cha nne ndicho kifunguacho mlango wa vyuo vingi.

Hapo ndipo tulipopotea. Mwanafunzi wa shuleni hupimwa mara nyingi, tena alama za kazi zake za shule huhesabiwa katika matokeo yake ya mwisho. Mtahiniwa wa kujitegemea hana akiba hiyo. Mambo yake yote yamo katika karatasi ya Novemba. Kwa hiyo mitihani ya mazoezi ndiyo macho yake, na anayemchagulia mitihani hiyo amechukua dhamana kubwa. Sisi hatukulifikiri jambo hilo. Tulinunua vijitabu vya maswali dukani karibu na stendi ya mabasi, kwa sababu bei ilikuwa nafuu na majibu yalikuwa kurasa za nyuma. Maswali yalikuwa mafupi na mepesi. Hatukumwekea saa. Alipokwama alifunua nyuma akatazama, nasi tukaita jambo hilo bidii. Akapata 78 katika Hisabati, kisha 81, tukamsifu mbele ya baba yake.

Mwaka 2022 akaingia mtihanini. Mwishoni mwa Januari 2023 matokeo yakatoka: Hisabati alama F, na katika masomo mengine yote D mbili tu.

Asubuhi yake tulikwenda kwa mzee. Tulimwamkia, “Mwangaluka, baba,” akaitikia, lakini uso wake ulikuwa mzito. Akasema, “Mwalimu, ada ya mtihani niliitoa katika fedha ya pamba. Labda masomo si fungu lake. Wako watu wamekwisha kuja hapa kuzungumza habari za ng'ombe.” Binti alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, anasikia yote, wala hakusema neno.

Ingalikuwa rahisi kunyamaza na kumwachia binti lawama. Lakini tulijua ukweli, tukasema, “Baba, binti yako hakuwa mvivu. Sisi ndio tuliompima kwa kipimo kibovu, tukakuletea sifa zisizo na mizizi.” Mzee akakaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema, “Sisi wakulima twaijua habari hiyo. Apimaye pamba yake kwa mizani iliyolegea hucheka nyumbani, akalia ghalani. Haya, Mwalimu, leta mizani ya kweli. Nawapa hadi Novemba.”

Basi tulianza upya, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, mtihani wa mazoezi utoke kwa yule yule atakayemtahini mwanafunzi. Kwetu ni Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Karatasi zake za miaka iliyopita hupatikana katika tovuti yake, na maduka mengi ya mjini huzichapa kwa fedha kidogo. Mitihani ya majaribio ya mikoa hufuata nyuma yake kwa manufaa. Vijitabu vya dukani ni vya kujifunzia mada, si vya kujipimia.

Pili, tazama umbo la karatasi. Zile za zamani za Hisabati zilimpa mtahiniwa kuchagua maswali manne kati ya sita katika sehemu ya pili. Zilizofuata zina maswali 14, na yote ni lazima. Aliyezoea kuchagua hushtuka akikosa pa kukimbilia.

Tatu, saa iwekwe mezani, na majibu yakae kwa mwalimu. Hisabati ni saa tatu, basi na akae saa tatu.

Nne, Baraza huandika kila mwaka taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ikionyesha swali kwa swali ni wapi wengi walikosea, na kwa nini. Imeandikwa kwa Kiingereza, nasi tulimfafanulia kwa Kiswahili. Taarifa hii ilitufaa kuliko vijitabu vyote tulivyonunua.

Tano, bakiza karatasi moja isiyoguswa. Tulimfanyisha za miaka 2018, 2019 na 2020. Ile ya 2021 tukaifungia sandukuni hadi Oktoba.

Karatasi ya kwanza ya kweli alipata 19. Alilia, akasema amerudi nyuma. Tukamwambia, “La, binti yetu, hujarudi nyuma, leo ndipo tumeona mahali uliposimama.” Mwezi baada ya mwezi akapanda. Oktoba tulipofungua sanduku, alipata 41. Si alama ya kutamba nayo, lakini alama 30 hadi 44 ni D, nayo ni ufaulu.

Mtihani wa mwaka 2023 ulikuwa mgumu kwa wengi. Katika nchi nzima ni kama mmoja tu katika kila watahiniwa wanne aliyefaulu Hisabati. Matokeo ya binti yalipotoka Januari 2024, Hisabati ilikuwa D, kama mizani ilivyosema. Kiswahili alipata B, na masomo mengine matatu C. Mwaka ule ule akapata nafasi chuoni, na wale wa habari za ng'ombe wakaambiwa wangoje.

Ndugu wasomaji, ukimpenda mtoto asomaye nyumbani, usimnunulie sifa. Alama 19 za kweli zilimfikisha chuoni. 81 za uongo zilikuwa karibu kumrudisha jikoni.