Mteja mkubwa wa lubugo

Sisi watu wa Bagamoyo tumelelewa na habari za misafara. Shuleni tulifundishwa vizuri kilichotoka bara kuja pwani: pembe za ndovu na watumwa. Kilichotoka pwani kwenda bara kilipitiwa harakaharaka. Shanga, waya wa shaba, bunduki, na juu ya vyote nguo: merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyoshushwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts, kisha wapagazi wakaibeba majora kwa majora hadi Tabora, Karagwe na Buganda. Sikuwahi kujiuliza watu wa huko walikuwa wakivaa nini kabla mizigo yetu haijafika. Jibu lilinijia Uganda, na lilinijia kwa awamu.

Tulikuwa watatu. Mwenzetu mmoja ni wa Bukoba, na Kihaya chake kilimtosha kuelewana na Waganda kuanzia Mutukula mpakani hadi Kampala. Mwingine ni fundi cherehani wa Magomeni, mtu asiyeweza kupita mbele ya kitambaa bila kukishika. Safari ya kwanza ilikuwa kabla Kasubi, makaburi ya makabaka, yaani wafalme wa Buganda, jijini Kampala, haijaungua. Nyumba ile kubwa ya nyasi, aliyoijenga Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1882 kuwa kasri lake na iliyogeuka kaburi lake mwaka 1884, tuliingia tumevua viatu, tukaketi kwenye mikeka. Nyuma ya mikuki na picha za makabaka wanne palining'inia pazia refu la rangi ya udongo mwekundu. Nyuma yake ni msitu mtakatifu walimozikwa, tuliambiwa, na huko haingii mgeni. Fundi wetu hakuuliza habari za makabaka. Aliuliza lile pazia ni la nini.

Lilikuwa lubugo, nguo ya gome la mti. Jioni tuliikuta tena sokoni kwenye vitu vya watalii, safari hii ikiwa kofia, pochi, vitambaa vya kuwekea sahani na ramani za Afrika za kutundika ukutani. Fundi wetu aligeuzageuza kofia moja, akairudisha. "Nguo nzima wameikata vijikaratasi," alisema. Nilimwona ana maringo. Mimi nilinunua kofia.

Siku iliyofuata mwenzetu wa Bukoba alitupeleka kijijini, nje ya barabara ya Masaka, kwa mzee mmoja aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake. Kiswahili chake alikipata kwa madereva wa malori, na alikitumia bila woga. Mti wenyewe huitwa mutuba, wa jamii ya mkuyu, na huvuliwa gome wakati wa mvua, utomvu unapopanda. Kwanza fundi hukwangua ganda la nje. Kisha huuzungushia mti mkato juu na chini, akapasua mstari mmoja wa wima na kulibandua gome polepole kwa kigingi cha shina la mgomba, ambacho ni laini na hakilijeruhi. Gome hutoka zima. Mti ulioachwa uchi hufungwa majani ya mgomba uanze kuota ngozi mpya, na mwaka unaofuata huvuliwa tena. Mzee alituonyesha mti aliokuwa akiuvua tangu ujana wake.

Kazi nzito hufanyika chini ya banda lisilo na kuta, kwa kuwa jua likilipata gome mapema hulikausha likapasuka. Gome lililokwisha kulainishwa kwa moto hulazwa juu ya gogo na kupigwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mistari, za mistari mipana kwanza, za mistari myembamba mwishoni. Kila pigo hulitanua kidogo. Kipande ambacho asubuhi kilikuwa chembamba jioni hukijui, upana umezidi mara kadhaa. Nilipewa nyundo, mzee aliniachia dakika chache, akaipokea kwa adabu. Baadaye nguo huanikwa, na jua ndilo huipa ule wekundu wa udongo. Penye tundu hutiwa kiraka kwa uzi. Hapo fundi wetu alipiga magoti. Viraka vilishonwa kwa mishono midogo, iliyolala upande mmoja, hata ukipitisha kidole huishiki. Tangu hapo alimwita yule mzee Baba, naye akamwita mwanangu, na sisi wengine tukawa wasindikizaji.

Mzee alipouliza tumetoka wapi nikamjibu pwani, Bagamoyo. Alicheka. "Basi ninyi ndio mlioleta pamba." Hakusema kwa uchungu. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka Suuna wa Pili miaka ya 1840, na baada yao pamba ikawa vazi la heshima ikulu, halafu vazi la kila mtu. Lubugo, iliyokuwa ikivaliwa na wanaume na wanawake, na ya wafalme ikitiwa weusi au weupe, ikabaki ya matambiko. Falme zilipofutwa mwaka 1967 hata hayo yalipungua. Mwaka 1993 ufalme wa Buganda uliporudi na Kabaka Mutebi kusimikwa, mzee alisema, watu walianza tena kuuliza nani bado ana nyundo.

Machi 2010 Kasubi iliungua, na pazia likaungua nalo. Tuliporudi baadaye tulikuta nguzo na uzio. Kwa wakati huo UNESCO ilikwisha kuutambua ufundi huu, kwa tangazo la mwaka 2005 na orodha ya mwaka 2008, na wabunifu wa mavazi walikuwa wameichukua lubugo hadi kwenye maonyesho ya Ulaya. Wageni husimuliwa kwamba hayo ndiyo yaliyoiokoa. Sikatai kwamba yamesaidia. Lakini ukikaa bandani unaona nani anakuja kununua. Waganda hawajaacha kuwafunga maiti wao kwa lubugo, tajiri hata maskini, aliyeishi Kampala katika suti hata aliyeishi shambani. Mteja mkubwa wa yule mzee hakuwa mtalii wala mbunifu. Alikuwa marehemu. Na kwetu pwani marehemu huvikwa pamba.

Safari yetu ya mwisho, Kasubi ilikuwa imejengwa upya na kuondolewa, mwaka 2023, kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Bandani mwenye nyundo sasa ni mtoto wa mzee. Fundi wetu alitaka vipande viwili vikubwa. Siku hizi hushona mikoba ya lubugo, ndani akiweka bitana ya pamba kwa sababu gome halipendi maji. Bei ilishakubaliwa, pesa zikiwa mkononi, ndipo pikipiki ilipoingia na vijana wawili. Walikuwa na msiba. Maneno yalikuwa machache, kisha vipande vyetu vikakunjwa na kufungwa kwenye pikipiki.

"Dada, samahani," mtoto wa mzee alimwambia fundi wetu. "Wewe unaweza kusubiri."

Tulinunua mjini, dukani, kwa bei ambayo fundi wetu bado anaisimulia kwa hasira.