Sauti ya marehemu kwenye faili lisilofunguka

Mzee alipofariki huko Tanga aliacha nyumba ya vyumba vinne, baiskeli, mbuzi watatu na simu ndogo ya vitufe, Nokia, zile ambazo vijana huziita kiswaswadu. Nyumba, baiskeli na mbuzi viliandikwa kwenye karatasi mapema, mbele ya wazee. Simu haikuandikwa. Ilitiwa kwenye kopo la vifungo na sindano juu ya kabati, na siku zikaenda.

Aliyeikumbuka ni mjane, naye alikuwa na sababu. Baada ya arobaini alikuja mtu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaeleza kwa adabu kwamba marehemu alichukua kwake saruji na bati za shilingi 400,000, akalipa nusu, na nusu ilikuwa bado. Karatasi yenye sahihi hakuwa nayo. Alikuwa na daftari lake tu. Watoto wawili wa kiume walimsikiliza mpaka mwisho, wakamsindikiza hadi mlangoni, na alipokata kona wakamwita tapeli. Ni kweli misiba huwaleta watu wa namna hiyo, na waliokwisha kufiwa wanawajua. Lakini mama hakulala vizuri usiku ule. Nyumba ya Waislamu inaujua utaratibu: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, na baada ya hapo ndipo warithi wagawane. Na vijana wake walikuwa wameshaanza kuongea na mnunuzi wa mbuzi.

Mama alijua kwamba mumewe alikuwa akizungumza peke yake usiku na ile simu. Macho yalikuwa yamepungua kwa kisukari na kalamu ilishamshinda, ndipo mjukuu mmoja akamfundisha kitufe cha kurekodi. "Alikuwa akihesabu," mama alisema. "Nikimuuliza baba fulani unahesabu nini, ananijibu mimi nimelala."

Kazi ikaangukia kwa binti wa tatu, mwalimu wa sekondari, kwa kuwa ndiye mwenye laptopu. Simu yenyewe haikuwaka tena, betri ilikuwa imevimba kama andazi. Nyuma ya betri palikuwa na kadi ya memori ndogo kuliko ukucha. Aliichomeka kwenye adapta, akaitia kwenye laptopu, na baada ya kupekua kidogo akakuta mafaili matatu tu. Majina yake yalikuwa namba, na kila moja lilimalizikia na nukta na herufi tatu: .amr. Akazisoma kwa sauti.

"Amri?" mama akauliza. "Amri ya nani?"

Alipobofya, laptopu ikamwuliza inafungue kwa programu gani. Hakuwa na jibu. Akachagua moja, ikakataa. Akachagua nyingine, dirisha likajaa alama za ajabu zisizosomeka.

Kesho yake alikwenda steshenari moja ya Ngamiani. Kijana aliyekuwepo aliitazama kadi, akabofya mara mbili tatu, akatoa hukumu: "Dada, faili limeharibika. Labda kadi ina virusi. Tuifomati kwanza." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kipanya. Mwalimu hakuwa mtaalamu wa kompyuta, lakini neno hilo alilijua, na aliichomoa kadi kabla kijana hajamaliza sentensi. Kufomati kadi ni kufagia nyumba pamoja na mwenye nyumba. Ufundi wa kurejesha vilivyofutwa upo, ila una gharama na haufanikiwi kila mara.

Kaka yake wa Dar es Salaam akampa dawa nyingine kwa simu: abadilishe jina, aondoe amr aweke mp3. Akabadilisha. Picha ndogo ya faili ikageuka, ikaonekana kama ya nyimbo nyingine zote, na kwa dakika moja nyumba nzima ikafurahi. Halikulia. Yule wa duka la pili akapendekeza tovuti ya kugeuza mafaili bure: "Unapandisha, unashusha, dakika mbili tu." Hilo aliahirisha kwa sababu bando lilikuwa limekwisha, na kama ilivyotokea, ilikuwa heri.

Aliyelimaliza jambo hili ni mwalimu mwenzake wa TEHAMA, mtu wa maneno machache. Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kufungua chochote. Alinakili mafaili yote matatu kwenye laptopu na kwenye fleshi, akaitoa kadi, akaifunga kwenye karatasi na kumrudishia mwenyewe. "Tutacheza na nakala," alisema. "Asili hatuigusi."

Kisha akaeleza, na maelezo yake yanafaa kwa yeyote mwenye droo ya simu za zamani. Zile herufi za mwisho wa jina ni kama karatasi iliyobandikwa kwenye kopo. Zinaiambia kompyuta ndani mna nini ili ichague programu ya kufungulia. Ukiibandua karatasi ya "chumvi" ukaweka ya "sukari", chai haitakuwa tamu. Ndiyo maana ile dawa ya kaka haikufaa kitu: jina lilibadilika, yaliyomo yakabaki vilevile. Akarudisha jina la mwanzo. Akaonyesha pia kwamba si lazima kuiamini karatasi. Alilifungua faili kwa Notepad, lile daftari la kuandikia lililomo ndani ya Windows, wakatazama mwanzo wake kabisa. Kabla ya zile takataka zisizosomeka kulikuwa na herufi zilizo wazi: #!AMR. Mafaili mengi yana utambulisho wa namna hiyo mwanzoni. La PDF huanza na %PDF. La Word la siku hizi, docx, huanza na PK, kwa sababu kwa ndani ni furushi la zip. Kwa hiyo faili la mzee halikuwa limeharibika. Lilikuwa likisema jina lake, na tatizo lilikuwa msikilizaji.

AMR ni njia ya kubana sauti ya mtu anayezungumza. Iliteuliwa kwa ajili ya simu za mkononi mwaka 1999, na ndiyo iliyotumiwa na simu nyingi za vitufe kurekodia. Haikutengenezwa kwa muziki. Huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, wakati santuri ya CD huipima mara 44,100, na dakika nzima ya maneno hutoshea kwenye kilobaiti zisizofika 100. Wimbo mmoja wa MP3 wa dakika nne unaweza kuchukua nafasi ya mazungumzo ya AMR ya zaidi ya nusu saa. Kwa simu yenye nafasi finyu ulikuwa uamuzi wa busara. Laptopu ya mwalimu ilikuwa ya zamani, ya Windows 7, na kichezeo chake cha muziki hakikuifahamu lugha hiyo.

Dawa ilikuwa VLC, programu ya bure yenye alama ya koni ya rangi ya chungwa kama zile za barabarani. Ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi cha Ufaransa mwaka 1996, na sifa yake kubwa ni kufungua karibu kila kitu cha sauti na picha bila kuuliza maswali. Waliipakua kwenye tovuti ya wenyewe, VideoLAN, si kwenye zile zinazojitangaza kwa vitufe vikubwa vya kijani. Wakaburuta faili la kwanza juu ya dirisha la VLC.

Mzee akakohoa.

Ilikuwa ndani ya ofisi ya walimu, saa nane mchana, na mwalimu aliomba waizime hapo hapo. Hakutaka kuisikia kabla ya mama.

Jioni walikaa wote sebuleni. Faili la kwanza lilikuwa la dakika nne na kidogo, la pili karibu dakika kumi na mbili. Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayepiga simu kutoka mbali, na hakuna ajabu, maana ndiyo sauti ya simu yenyewe. Alikuwa akihesabu kweli. Duka la Mpemba wa kona, 42,000. Fundi baiskeli, 15,000. Jirani wa samaki, 8,000. Kisha saruji na bati, laki nne. Amelipa laki mbili. Na hamsini nyingine alimpa kijana wa dukani mkononi, hakupewa risiti. Akataja pia mtu aliyemkopesha yeye 60,000, akasema waziwazi kwamba amemsamehe, asiulizwe. Hapo vijana wawili walitazamana. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, mkono kwenye shavu, akiitikia kimya kimya kama mtu anayesomewa barua.

Mwenye duka aliitwa, naye akasikilizishwa, mbele ya ustadhi wa msikiti wa mtaani. Alisikiliza sehemu yake mara mbili. Akampigia kijana wake, akatoka nje kuzungumza naye, akarudi akiwa amenuna, na kwa kalamu yake akafuta 200,000 kwenye daftari akaandika 150,000. Yule mtu hakuwa tapeli, na deni halikuwa lile alilolidai. Vijana walimwomba radhi, mmoja kwa sauti na mwingine kwa kumshika mkono. Mbuzi wawili wakauzwa kwa kazi hiyo.

Ungedhani imekwisha, lakini dada mkubwa yuko Muscat na hakuwepo mazikoni. Alipotumiwa lile faili, iPhone yake ilikataa kulicheza. Hapo ndipo kugeuza kukahitajika, na kugeuza si sawa na kufungua. Kwenye VLC unaingia kwenye menyu ya kwanza, unachagua kugeuza na kuhifadhi, unaweka faili, unachagua MP3, unalipa jina jipya, unasubiri. Mwalimu wa TEHAMA alisisitiza mambo mawili. MP3 haiifanyi sauti kuwa safi zaidi, inaifanya isikike kwenye vyombo vingi tu, hivyo faili la asili lisifutwe hata siku moja. Na mafaili ya namna ile yasipelekwe kwenye tovuti za kugeuza. Mnapandisha madeni ya nyumba yenu, majina ya majirani na sauti ya marehemu kwenye kompyuta ya mtu msiyemjua, na mkishamaliza hamna njia ya kuhakikisha kwamba ameyafuta. Kwa hati ya kiwanja au cheti cha kuzaliwa ni vivyo hivyo.

Akaongeza, karibu kwa kuona haya, kwamba simu nyingi za Android hucheza AMR bila programu yoyote ya kuongeza. Mara nyingi kinachowapoteza watu ni kwamba programu ya muziki hailiorodheshi. Inabidi uingie kwenye meneja wa mafaili ulibofye mwenyewe. Mwalimu alikuwa na Android mkobani siku zote zile.

Dada wa Muscat naye akarudisha picha za mzee alizopiga alipokuja likizo, na laptopu ikazikataa: mkia wake ulikuwa .heic, mtindo ambao iPhone hutumia tangu 2017. Safari hii hakuna aliyehangaika. Alizituma upya kwa WhatsApp kama picha za kawaida, zikafika zikiwa JPEG, zimepungua ubora kidogo lakini zinaonekana. Ndugu mmoja alipodokeza kwenye kundi la familia kwamba sasa atafungua kila kitu kinachotumwa, alijibiwa haraka kwamba mwaliko wa harusi wenye mkia wa .apk au .exe si mwaliko. Ni programu inayotaka kuingia ndani ya simu au kompyuta yako, na hiyo haifunguliwi kwa udadisi.

Limebaki faili la tatu. Ukubwa wake ni kilobaiti 0. VLC haikulicheza, na Notepad ilipolifungua ilikuwa nyeupe, bila hata zile herufi za utambulisho. Mwalimu wa TEHAMA anadhani betri ilizimika mzee akiwa ndiyo kwanza amebonyeza kitufe, jina likaandikwa na maneno yasiandikwe. Hakuna programu ya kufungua kisichokuwepo, na alimweleza mama hivyo kwa upole. Mama alisikia, akauliza kama linakula nafasi. Akaambiwa halili.

"Basi liacheni."

Kadi imo ndani ya leso, ndani ya sanduku lake. Nakala moja iko kwenye laptopu ya binti, nyingine Muscat, na mafaili ni matatu kote.